Mfuko wa Ghorofa ya Tatu

Mfuko wa Fundi ulipotundikwa kwenye mizani, watu wote uani wakasogea kuutazama mshale.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na wapangaji wa jengo walikuwa wamekusanyika, kila mmoja na mfuko wa plastiki alizozitupa wiki nzima. Mtaa ulikuwa katikati ya shindano. Kila jengo lilikuwa timu, na timu itakayopunguza zaidi plastiki za kutumia mara moja na kutupa ingepewa tangi jipya la maji na pampu ya kuyapandisha. Katika jengo lile, ambalo maji yalifika ghorofa za juu yalipojisikia tu, hilo halikuwa jambo la mchezo.

Aliyesimamia mizani ni mwenye saluni ya chini, mama mmoja mnene mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, ambaye wote walimwita Kamanda tangu alipojikabidhi mwenyewe uongozi wa timu. Aliusoma mshale, akausoma tena, kisha akaufungua mfuko akachungulia.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu, mama."

"Fundi? Wa ghorofa ya tatu?" Kamanda aliinua uso. "Na huko juu unaishi na nani?"

"Peke yangu."

Kamanda alimtazama mpangaji wa ghorofa ya pili, baba wa watoto sita, ambaye mfuko wake ulikuwa umepimwa muda huo huo ukapatikana mwepesi kama pamba. Halafu akarudi kuchungulia. Mlikuwa na sahani za plastiki, vijiko vya plastiki, vikombe, vyombo vya chakula cha kununua pamoja na vifuniko vyake, na chupa za maji zilizobanwa zikabanika.

"Kamanda, tangi ndiyo basi tena," akasema kijana mmoja wa ghorofa ya nne. "Ghorofa ya tatu imetuuza kwa jengo la ng'ambo."

Watu wakacheka kidogo. Mwanamke huyo, fundi wa miwani kwa kazi, alisimama akingoja kuona aibu. Alijua kwamba hapo ndipo aibu ilipopaswa kumjia, na aliingoja kwa uaminifu, lakini haikuja. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka bila kitu chochote kumjia. Moyo wake ulikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unaligusa, unajua ni lako, lakini halikujibu.

"Samahani," alisema, kwa sababu ndilo neno linalosemwa.

"Hujaua mtu," Kamanda akasema, akiuteremsha mfuko. "Na si wewe peke yako. Mgeni wetu naye yuko wapi? Njoo mbele, usijifiche."

Fremu ya duka ya chini, kando ya saluni, iliyokuwa imefungwa muda mrefu, ilikuwa imepata mpangaji wiki hiyo. Sasa lilikuwa duka la mikate. Mwokaji alijipenyeza katikati ya watu akiburuta gunia la mifuko laini ya kufungia mikate, iliyochanika na isiyochanika. Fundi aliona kwanza mikono, iliyokuwa na unga mpaka kwenye vifundo. Kisha akaona namna mtu huyo alivyoinamisha kichwa upande wa kushoto alipokuwa akitazamwa na watu wengi.

Alikuwa mumewe.

Naye alimwona. Macho yao yalikutana juu ya ile mizani, yakakaa, na mwokaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaondoa. Fundi hakuyaondoa ya kwake kwa kuwa hayakumwuma popote. Alimtazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyowahi kuishi, akiona tu kwamba rangi imebadilishwa: amekonda, ndevu ameziacha, shati lile lile la kijivu.

Kamanda hakujua lolote. Aliuchukua mfuko wa mmoja na gunia la mwingine akaviweka pamoja.

"Nyinyi wawili ndio mnaotuzamisha. Leo hii hii mkae chini, mzitazame taka zenu, muulizane zinatoka wapi. Jumamosi ijayo nataka mniletee mifuko yenye haya. Mmenisikia?"

"Nimesikia, mama," akasema mwokaji.

Fundi aliitikia kwa kichwa, akapanda ngazi kwenda kwake.

*

Mwokaji alibisha hodi alasiri. Fundi alifungua mlango, akarudi kukaa mezani bila kumkaribisha wala kumzuia, na mwokaji akabaki amesimama kizingitini akiwa na mkate uliofungwa kwenye kitambaa.

"Macho," akasema.

Ndivyo alivyokuwa akimwita zamani, tangu siku alipokwenda dukani kwao kutengenezewa miwani ya mama yake, akakuta binti ameinamia mashine ya kusagia lenzi, akamwambia kwamba yeye hana tatizo la macho ila amelipata hapo hapo. Wakati ule Fundi alicheka mpaka akaharibu lenzi ya mteja.

"Ingia, kama unaingia," alisema sasa.

Akaingia. Aliuweka mkate mezani, akatafuta mahali pa kutupia macho. Chumba kilikuwa safi kuliko kawaida, safi kama chumba cha mtu aliyehama. Akafungua kabati la vyombo. Ndani mlikuwa na pakiti za sahani za plastiki na pakiti za vikombe. Hakukuwa na sufuria, wala kisu.

"Sahani zetu ziko wapi? Kaka yako alizichukua zote alipokuja kubeba vitu vyako."

"Nilizigawa."

"Zote?"

"Hospitali nilikuwa nakula hivi," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mteja habari za fremu za miwani. "Wanakuletea chakula, unakula, wanakuja kuzoa. Nilipohamia huku nikaendelea hivyo hivyo. Sahani ya kuosha inabaki. Unaiosha, unaiweka, kesho ukifungua kabati unaikuta. Mimi sikutaka kukuta kitu."

Mwokaji alilifunga kabati polepole, akavuta kiti, akakaa ng'ambo ya meza.

Mtoto wao alizaliwa kabla ya wakati. Alikuwa wa kike, mdogo kiasi cha kutoshea katika kiganja cha baba yake, akaishi wiki chache ndani ya kisanduku cha joto, huku mama yake ameketi pembeni mchana na usiku. Daktari alisema waziwazi kwamba hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Lakini siku ya matanga, mbele ya wanawake waliojaa sebuleni, mama mkwe alisema: "Nilimwambia aache lile vumbi la vioo. Hakunisikia. Sasa tumezika." Fundi aliinua macho wakati ule, na akamwona mumewe amesimama mlangoni na sinia la vikombe vya chai. Alimngoja aseme neno. Mwokaji aligeuka, akaenda na sinia lake jikoni. Jioni kaka yake Fundi alikuja na lori, akamchukua.

"Ulijua nakaa hapa?" Fundi akauliza.

"Nilijua. Nilipita mara nyingi kabla sijaipanga ile fremu ya chini."

"Umekuja kunifanyia nini?"

"Kuoka mikate." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Kwa mama nimeondoka. Tanuri, duka, vyote nimemwachia. Nilimwambia alichokisema siku ile kilikuwa uongo na kilikuwa ukatili. Hajanisemesha tangu hapo."

"Umemwambia lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita," akarudia Fundi.

Palikuwa na wakati ambapo maneno hayo yangemwinua kitini. Sasa aliyasikia yakipita, akayaona yana uzito, lakini hayakutua. Akaukata mkate kwa mkono, akala kipande. Ulikuwa mkate mzuri. Alijua ni mzuri kwa namna ulivyochambuka.

"Kamanda ametutuma tuzungumze habari za plastiki," alisema.

"Basi tuzungumze." Mwokaji alishusha pumzi kama mtu aliyepewa nafasi ya kupumzika. "Mimi tatizo langu ni mkate kukauka. Nisipoufunga, jioni umekuwa jiwe. Mama alikuwa akifunga kila mkate, na mimi nimezoea hivyo."

"Kwa nini ufike jioni?"

"Vipi?"

"Oka mchache. Uishe asubuhi. Watu waje na vitambaa vyao, kama huu."

Alimtazama. "Hilo hata sikuliwaza."

"Ulikuwa hujaamua kuwaza."

Haikuwa kejeli, wala haikuwa mzaha, lakini mwokaji aliipokea kama vyote viwili, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Alikuwa anataka kusema jambo jingine, midomo ilishafunguka, mlango ulipofunguliwa bila hodi.

Alikuwa kaka yake Fundi, dereva wa lori, mtu wa mabega mapana aliyezoea kuingia popote kwa ubavu. Begani alikuwa na katoni ya chupa za maji na mkononi mfuko wenye vyombo vya chakula, kama alivyofanya kila Jumamosi asipokuwa safarini. Alimwona mwokaji, akasimama. Kisha akaitua katoni chini kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba ndani mlikuwa na mayai.

"Shikamoo, shemeji," akasema mwokaji, akisimama.

"Usiniite shemeji."

"Kaka, kaa," Fundi akasema.

"Nitakaa huyu akishatoka." Hakupaza sauti. "Wewe unatafuta nini hapa?"

"Nimekuja kuzungumza na mke wangu."

"Mke wako nilimbeba mimi kutoka kwenu. Nilimbeba hivi, mikononi, nikamweka kwenye lori kama mzigo, kwa sababu miguu ilikataa. Safari nzima hakusema neno. Nilikuwa namwuliza una njaa, una kiu, una baridi, naye ananitazama tu. Wewe ulikuwa wapi? Nakuuliza kwa heshima."

"Nilikuwa nyumbani."

"Ulikuwa nyumbani. Kwa mama."

"Ndiyo."

"Basi rudi kwa mama." Kaka alimgeukia dada yake, na sauti ikabadilika, ikawa karibu ya kuomba. "Mdogo wangu, mwambie aondoke. Useme wewe, nisionekane mimi ndiye ninayekuamulia. Huyu mtu atakumaliza."

Wote wawili walimtazama wakingoja. Fundi aliyatazama makombo ya mkate mezani. Hapakuwa na hasira ndani yake, wala hamu. Palikuwa na swali moja tu, ambalo alikuwa amelikalia muda wote huo bila kumwuliza mtu, kwa sababu lisipoulizwa lilimwachia mlango mdogo wa matumaini. Labda palikuwa na kelele. Labda vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia.

"Siku ile mlangoni," alimwambia mumewe, "ulimsikia?"

Mwokaji alimtazama Kaka, akamtazama yeye. Ilikuwa rahisi kusema hapana. Mama yake alikuwa mbali, wanawake wale walikuwa wametawanyika, na hakuna ambaye angembishia. Fundi aliona jinsi jibu hilo jepesi lilivyomfikia mdomoni, akaona alivyolimeza.

"Nilisikia," akasema. "Neno kwa neno."

"Na uliniona ninakutazama?"

"Nilikuona. Nilikwenda jikoni nikaweka sinia chini, nikasimama nikitazama ukuta. Nilikuwa nasema nitarudi sasa hivi. Nikawa nasema hivyo hivyo mpaka nikasikia lori."

Kaka alitoa mguno, akageukia dirishani.

Fundi alisikia kitu kikimbana chini ya mbavu. Mwanzoni alidhani ni mkate umekwama. Halafu kikapanda, na akatambua kwamba kilikuwa kinauma. Kiliuma vibaya, kama ganzi inavyoondoka, ambapo mtu hutamani hata irudi. Akashika ukingo wa meza.

"Nenda," alimwambia.

"Macho."

"Nenda. Sikufukuzi kwa ajili ya kaka. Nakuomba mwenyewe."

Mwokaji aliondoka, mkate akauacha. Hatua zake zilisikika ngazini mpaka chini kabisa, na mlango wa duka ukafunguliwa na kufungwa. Ndipo Fundi alipoanza kulia. Kaka yake, aliyekuwa ameomba kimoyomoyo mwaka mzima aone chozi moja, alipoyaona machozi yanatiririka hakujua la kufanya. Alifungua chupa ya maji akampa. Akafungua nyingine akamwekea karibu.

"Kaka," Fundi akasema alipoweza, "usiniletee tena maji ya chupa. Timu inaumia."

"Timu gani?"

Akamweleza habari za shindano, za mizani na za tangi. Kaka alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Sasa nitakuwa nakuletea nini?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Njoo mikono mitupu."

"Mikono mitupu nitakaa nafanya nini hapa?"

"Utapika. Ukirudi Jumamosi njoo na sufuria. Kwako zipo ngapi?"

"Zipo," akasema Kaka, akifuta uso wake kwa kiganja kama anayefuta jasho. "Mke wangu atauliza, lakini zipo."

*

Wiki ile Fundi alifanya kazi vibaya. Mzee mwenye duka la miwani alimrudishia fremu mbili ambazo lenzi zake zilikuwa zimekaa upande, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na akamwuliza kama anaumwa. Fundi alijibu ndiyo, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alikuwa anaumwa asubuhi akipiga mswaki na mchana akisaga lenzi, na saa nyingine ilibidi aende stoo akasimame kidogo katikati ya maboksi. Maumivu yaliyopaswa kumjia matangani yalimfikia sasa, yote kwa pamoja, yamechelewa na yamekasirika.

Akiwa njiani kurudi nyumbani alisimama kwenye duka la vyombo, akaomba sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja.

"Moja moja tu, dada?" muuzaji akashangaa. "Ukipata mgeni?"

"Mgeni atasubiri nioshe."

Asubuhi, kutoka dirishani, aliwaona watu wakiingia kwenye duka la mikate na vitambaa, na vikapu, na mmoja na foronya. Kabla jua halijawa kali mlango ulikuwa tayari na kibao: mkate umekwisha. Wapangaji walinung'unika siku ya kwanza, siku ya pili wakaamka mapema. Mwokaji hakupanda ngazi tena. Fundi aliona kwamba hakupanda, na kuona kwake huko kulimwudhi.

Jumamosi mfuko wa ghorofa ya tatu ulipotundikwa, mshale haukusogea sana. Kamanda aliutikisa, akidhani mizani imekwama.

"Fundi, umekufa ukafufuka?"

"Karibu na hapo, mama."

"Na huyu wa mikate hana kitu kabisa. Ameniletea mfuko mtupu, ananichezea." Akaandika, akapiga hesabu na midomo ikichezacheza, akatangaza kwamba jengo la ng'ambo bado liko mbele yao, ila kwa kidogo, na kwamba mwenye tabia ya kununua soda za chupa ndogo naye anajijua, aache, tangi linanukia. Watu walitawanyika wakitaniana.

Fundi hakupanda ngazi. Alingoja mpaka ua ulipobaki mtupu, akaingia kwenye duka la mikate.

Ndani palikuwa na joto. Mwokaji alikuwa anafuta meza ya kukandia, na alipomwona akaacha, kitambaa mkononi.

"Imekwisha," akasema. "Umebaki mmoja, niliouweka wa kula mwenyewe. Una kitu cha kubebea?"

"Sina."

"Basi nikupe hiki changu."

"Sikuja kununua mkate." Alisimama mbele ya meza, mikono ameifumbata. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe. Mama yako sitaki kumwona. Kaka yangu ameapa, na akiapa huchukua muda kulegea. Nakwambia haya ili usije ukadhani nimekuja kwa jambo jingine."

"Sawa."

"Ila hakuna mtu mwingine," akasema Fundi, na sauti ikaanza kumtoka vibaya. "Nimefikiri wiki nzima. Daktari hakumjua mwanetu. Mama yako alimwona mara moja, kupitia kioo. Kaka alikuwa safarini. Aliyemjua ni wewe tu na mimi, na mimi nimechoka kumjua peke yangu."

Akalitaja jina la mtoto.

Walikuwa wamelichagua wenyewe, wakiwa kitandani, miezi mingi kabla, na tangu siku ya kuzika hakuna aliyelitamka. Mwokaji alishika meza kwa mikono yote miwili. Kichwa kikainama upande wa kushoto, kikazidi kuinama, na mabega yakaanza kutikisika bila sauti. Fundi alimngoja. Hakumgusa, lakini hakwenda popote.

"Alikuwa na sikio," mwokaji akasema hatimaye, "lililojikunja juu. La kushoto. Kama la baba yangu."

"La kulia."

"La kushoto. Nilikuwa nalitazama kila nilipokuja."

"Ulikuwa unasimama upande wa miguuni. Mimi nilikuwa kichwani. Lilikuwa la kulia."

"Macho, la kushoto, ndiko mipira ya kupumulia ilikokuwa inapita."

"Mipira ilipita puani. Wewe ulikuwa unatazama nini?"

Kamanda alipofika na kitambaa chake kujaribu bahati ya mkate wa mwisho, aliwakuta hivyo, meza katikati yao, kila mmoja ameshika sikio lake mwenyewe kumwonyesha mwenzake, wakibishana kwa hasira huku machozi yakiwashuka mpaka kidevuni. Hakuelewa neno. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akauvuta mlango ukafungika, akasimama nje akiwaambia waliokuja kwamba mkate umekwisha.